Mbona wanaisimu wakienda ng'ambo mwaka mmoja wanarudi na lugha ya nyanya zao?

Mwaka_wa_Tatu
Wadau habari. Nasoma isimu na Kifaransa, niko mwaka wa tatu hapa Nairobi, na nimepata nafasi ya kubadilishana wanafunzi, mwaka mzima Ujerumani kuanzia Oktoba. Kabla nisaini kitu nataka kuelewa jambo moja. Waliotutangulia, karibu kila mtu aliyeenda nje alitoka hapa akisema ataandika juu ya Kiingereza ama Kifaransa ama sintaksia ya Chomsky, akirudi unamsikia na Kikamba, Ekegusii, Dholuo. Kuna mmoja Kikamba hata hakuwa anakiongea sawasawa, saa hii kila wikendi yuko Machakos na rekoda. Huko huwa kunatokea nini? Walimu wanawasukuma, ni pesa za wafadhili, ama ni baridi inawakumbusha nyumbani? Walioenda tafadhali mnijibu kwa undani.

Zito_Rongai
Ni pesa. Mzungu hatakulipa usome Kiingereza chake, watu wa kukisoma anao wa kutosha. Andika kwa fomu kwamba lugha iko hatarini kupotea uone vile mlango unafunguka. Mnaita mapenzi ya lugha, mi naita soko.

NyarNyakach
@Zito_Rongai hapana ndugu yangu. Mimi nilikuwa Leipzig mwaka mzima na hakuna mtu alinilipa kusoma Dholuo, nilienda na mpango wa semantiki, yaani mambo ya maana.

Kilichonigeuza ni kozi moja tu. Kuna kozi inaitwa mbinu za nyanjani, na inaenda hivi: darasa linatafuta lugha ambayo wanafunzi hawaijui kabisa, analetwa mzungumzaji mmoja, halafu semesta nzima wanamuuliza maswali mpaka sarufi ianze kuonekana. Mwaka wetu mzungumzaji waliyekuwa wanamtegemea hakupatikana, mwalimu akauliza kama kuna yeyote kati yetu ana lugha ambayo wengine hawajawahi kuisikia. Nikainua mkono.

Wakaanza na umoja na wingi, vitu vya kawaida. Mlima? Got. Milima? Gode. Jiwe? Kidi. Mawe? Kite. Mwalimu akaandika safu mbili ubaoni, akapiga mstari chini ya t na d, akauliza mnaona nini. Angalieni wenyewe: kwa got, t ya umoja inakuwa d kwenye wingi. Kwa kidi ni kinyume, d ya umoja ndiyo inakuwa t. Yaani kanuni haisemi weka sauti ghuna, ile inayotetemesha koo kama d, wala haisemi ondoa, inasema geuza chochote ulichokikuta. Nimezaliwa Nyakach, nimesema hayo maneno tangu nijue kuongea, na sikuwa nimewahi kuliona hilo. Aliyeliona kwanza ni msichana Mkorea aliyekuwa amekaa nyuma yangu, na Dholuo alikuwa ameisikia kwa dakika kumi hivi.

Wiki iliyofuata tukaingia kwa vokali. Tunaandika kwa herufi 5 lakini vokali zenyewe ni 9, zimegawanyika makundi mawili kulingana na mzizi wa ulimi kusogea mbele ama kubaki nyuma, na kwa kawaida ndani ya neno moja makundi hayachanganyiki. Nilitoka hapo nikaenda laibrari kutafuta kila kitu alichoandika Tucker, yule wa SOAS, chuo cha London cha lugha za Afrika na Asia. Semantiki sikuirudia tena.

Mwaka_wa_Tatu
Asante sana dada. Hiyo ya got na kidi nimeisoma kwa sauti hapa kwa hosteli, rumeti wangu wa Homa Bay ameacha kula.

Zito_Rongai
Sawa, lakini huyo ni mmoja. Leteni wengine.

Mwl_Kahawa
Nimefundisha isimu miaka mingi huku Thika Road, nichangie kidogo. Kozi anayoisema NyarNyakach haipo kila chuo, na ikiwepo hawampati Mkenya kila mwaka. Kwa hivyo haiwezi kueleza hao wote.

Mimi nadhani sababu iko hapa nyumbani, tena nyuma sana, shule ya msingi. Wangapi hapa walivalishwa diski kwa kuongea lugha ya mama? Unaivaa shingoni mpaka umpate mwenzako ameteleza umpe, na jioni wa mwisho kuwa nayo anachapwa. Mtoto aliyelelewa hivyo anafika mwaka wa pili wa chuo kikuu, anachora miti ya sentensi za Kiingereza vizuri sana, na haijamwingia kichwani kwamba lugha ya mamake nayo inachorwa. Mimi natoa mifano ya Kikamba darasani wanacheka. Mfano huohuo akiupata kwenye makala iliyochapishwa Ulaya anarudi ofisini kwangu macho yamemtoka. Inaniuma kusema, lakini nimeiona mara nyingi.

WaKabete
Mwalimu hiyo ya diski ni kweli tupu. Mimi nilijua sheria ya Dahl nikiwa Ubelgiji, Ghent, na nimekulia Kabete.

Kwa wasiojua: kwa Gĩkũyũ, kiambishi kinachoanza na k kinageuka g kama silabi inayofuata ina konsonanti kama t, k, c ama th. Hamhitaji kitabu, simameni stendi msome matatu. Githurai, Gatundu, Gatanga, hizo ni g. Kiambu, Kabete, Karura, hizo zimebaki k kwa sababu kinachofuata si hizo konsonanti. Hata jina lenyewe, Gĩkũyũ kwa g, lakini Kĩrĩnyaga kwa k. Nimepanda matatu za Kabete maisha yangu yote!! Halafu mwalimu Mbelgiji ananionyesha kwa projekta. Sheria iligunduliwa kwa Gĩkũyũ halafu nikaenda kuisomea Ghent.

Mwl_Kahawa
@WaKabete mifano ni mizuri sana, nitaitumia darasani. Sahihisho moja: haikugunduliwa kwa Gĩkũyũ. Edmund Dahl alikuwa mmisionari Tanganyika, aliiona kwenye Kinyamwezi, na Meinhof, mwanaisimu Mjerumani, ndiye aliichapisha 1903 akaipa jina la Dahl. Kwa Gĩkũyũ ndiko iko hai sana, ndiyo maana vitabu vingi vinachukua mifano huko.

Otis_wa_Umoja
Swali la mtu wa nje ya fani. Kama ni konsonanti zisizo ghuna ndizo zinaleta g, mbona th imo? Th ya Gĩkũyũ si ni kama ile dh ya Kiswahili kwa dhahabu? Hiyo ni ghuna.

WaKabete
@Otis_wa_Umoja umeuliza swali la mtihani wa mwaka wa nne. Leo ni ghuna, lakini imetokana na sauti ya Kibantu cha kale ambayo haikuwa ghuna. Sauti ilibadilika, kiambishi kikabaki na tabia ya zamani. Ndiyo maana Githurai na si Kithurai.

Otis_wa_Umoja
Na Kitengela? Hapo pana t.

WaKabete
Hiyo ni ya Wamaasai bwana, tuwaachie ardhi yao na majina yao.

Bin_Kibokoni
Salaam. Nyote mwataja darasa na walimu, hamjataja makabati. Mie ni mtu wa Mombasa, naishi Pangani hapa, na mwaka wangu niliupitisha London. SOAS kuna karatasi za Taylor, yule mmisionari aliyekaa Mombasa karne ya 19, na ndani yake mna mashairi ya Muyaka bin Haji aliyoyakusanya kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. Muyaka ni wetu, kafa mnamo 1840, mitaa anayoitaja naijua kwa miguu. Nami nikajaza fomu, nikakaa kimya mezani, nikaletewa kwa boksi kama mgeni.

Kisha kuna hili la usanifu. Nyumbani kwetu *nchi* twaiita *nti*, na shule niliambiwa hayo si Kiswahili fasaha, kwa sababu mkutano wa Mombasa wa 1928 uliamua Kiunguja ndicho kiwe msingi, na kamati ikaundwa 1930 kusimamia. Uamuzi ukapitishwa mjini kwetu, wa kuiweka lugha yetu kando! Nilipokuwa kule nikakuta Kimvita kina sura zake kwenye vitabu, kina historia ya sauti zake, wanaisimu Nurse na Hinnebusch wamekiweka pamoja na jamaa zake wa Sabaki, Kipokomo na Kimijikenda na Kingazija. Kule hakuna aliyekiita kibovu. Mtu akishaonyeshwa heshima hiyo mara moja, utamrudisha vipi kwenye Kifaransa?

Zito_Rongai
Lakini hayo makaratasi si yako kwa mtandao siku hizi?

Bin_Kibokoni
Mengi yapo ndiyo, na nashukuru. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hazina kubwa ya miswada ya hati za Kiarabu, si lazima uvuke bahari. Lakini niambie ni nani aliyekuambia wewe yapo. Mie nilimaliza mwaka wa pili bila kusikia jina la Sikujua.

Mwl_Kahawa
Jambo la kuletwa darasani kama mzungumzaji, alilosimulia NyarNyakach, lina historia ndefu na wanafunzi wanaokwenda Ujerumani wanapaswa kuijua. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alifika Berlin mwaka 1900 akafundisha Kiswahili kwenye seminari ya lugha za mashariki. Kabla yake alikuweko Amur bin Nasur wa Zanzibar. Mtoro aliandika maelezo marefu ya desturi za Waswahili, yakachapishwa 1903 chini ya jina la Velten, Mjerumani. Baadaye alimsaidia Meinhof kule Hamburg. Cheo chake hakikuwahi kuwa cha profesa, alikuwa msaidizi. Na wanafunzi walimletea dharau za waziwazi darasani kwa rangi yake.

Kwa hiyo ukiinua mkono, uliza mapema jina lako litaandikwa wapi kwenye hayo matokeo.

NyarNyakach
Mwalimu asante kwa hilo. Mimi ripoti ya darasa jina langu liliwekwa kama mwandishi pamoja na wengine, lakini ni kwa sababu nilikuwa mwanafunzi. Mzungumzaji wa kawaida analipwa kwa saa na anashukuriwa kwa sentensi moja mwishoni.

Lulu_Tianjin
Naona mnakubaliana haraka sana. Mimi nilienda mwaka mmoja China kupitia Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ile ilifunguliwa 2005 ikiwa ya kwanza Afrika, na chuo mwenza ni Tianjin Normal. Sikurudi na lugha ya nyanya yangu. Nilirudi na Kichina. Saa hii ni mkalimani kwa miradi ya ujenzi, nasimama kati ya injinia na fundi siku nzima jua kali, fundi anasema zege haijashika, injinia anataka kujua kwa nini, na ikipita makosa kwa mdomo wangu ukuta unabomolewa. Hiyo nayo ni isimu na naipenda.

Kwa hivyo nadhani inategemea unaenda kufanya nini. Kozi yetu ilikuwa lugha asubuhi hadi mchana, hakuna aliyeniuliza Kitaita kinafanyaje wingi. Hawa wa Ulaya wanaulizwa kila siku, ndiyo maana wanageuka. Ungewapeleka wote China wangerudi na Kichina.

WaKabete
@Lulu_Tianjin nauliza tu, wewe Kitaita chako kina toni, ilikusaidia na zile 4 za Kichina?

Lulu_Tianjin
Sikio lilisaidia, mdomo haukusaidia sana. Kwetu toni inahamahama ndani ya neno, Kichina kila silabi imebeba yake na haikopeshi jirani sana. Darasani sisi wa lugha za toni tulikuwa tunasikia tofauti mapema kuliko Warusi, lakini kutamka tulihangaika wote.

ShikoNaVyeo
Mimi nilienda Marekani na programu ya kufundisha lugha, ile ya Fulbright inayoitwa FLTA. Mwaka mmoja wa masomo unafundisha Kiswahili na wewe mwenyewe unachukua kozi. Hapo hakuna nyanjani wala makabati, kuna wanafunzi ishirini wa miaka 19 wanaokuuliza maswali. Mmoja aliniuliza: tunasema rafiki *yangu*, si rafiki wangu, na bado tunasema rafiki yangu *anakuja*, si inakuja. Sasa rafiki ni wa ngeli gani? Nimetahiniwa Kiswahili KCSE nikapata A, na hapo mbele ya ubao sikuwa na jibu la kumpa isipokuwa ndivyo tunavyosema. Usiku huo sikulala kabla nijue. Kitenzi kinafuata uhai, kimilikishi kinafuata umbo la nomino, ndiyo maana mama yangu, rafiki yangu, ndugu zangu.

Kwa hivyo mimi nasema ni kufundisha. Ukiulizwa kwa nini na mtu ambaye hana aibu ya kuuliza, unalazimika kuiona lugha yako.

@Mwaka_wa_Tatu na wewe unaweza kuomba hiyo FLTA kama ya Ujerumani itakwama.

Mwl_Kahawa
Hapana, FLTA ni ya aliyemaliza digrii ya kwanza. Yeye bado. Tena ukimaliza hiyo kuna sharti la kukaa nyumbani miaka miwili kabla ya aina fulani za viza za Marekani, asome vizuri.

ishara_nairobi
Mimi niligeuka pia na si lugha ya nyanya, ni Lugha ya Ishara ya Kenya. Huko nilikokuwa idara ya isimu ilikuwa na darasa la lugha ya ishara na mwalimu wake ni kiziwi, analipwa kama walimu wengine. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 7 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kwa jina, na bado nilisoma miaka miwili hapa bila kuonyeshwa hata ishara moja darasani. Dada yangu ni kiziwi. Tumeongea kwa mikono maisha yetu yote na sikudhani ni kitu cha kuandikia tasnifu.

Zito_Rongai
Sawa nimesikia. Sasa mnijibu hili. Je, kama ni nyinyi ndio mlichaguliwa kwa sababu tayari mlikuwa na hiyo kiu? Anayejaza fomu za kurasa kumi na kupanga foleni Nyayo House si mtu wa kawaida. Labda hata mngebaki Nairobi mngegeuka.

NyarNyakach
Hiyo ni hoja nzuri na siwezi kuikana kabisa. Lakini tulienda wawili kutoka darasa letu, mwenzangu alikuwa na bidii kunishinda, akachukua kozi za Kijerumani tu, akarudi na Kijerumani chake. Kiu ilikuwa sawa.

Bin_Kibokoni
Kiu haitoshi bila kisima, Zito.

Mwaka_wa_Tatu
Nashukuru nyote, hii nimeisoma mara mbili. Niulize ya mkono sasa. Pesa na krediti zinaendaje? Babangu anauliza kila siku na sina majibu.

Mwl_Kahawa
Mwambie mzee hivi. Kwa viza ya mwanafunzi Ujerumani wanataka uthibitisho wa pesa za kukutunza. Kiwango kilichowekwa tangu Septemba 2024 ni yuro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka, karibu shilingi milioni 1.8. Usishtuke, barua ya ufadhili inaweza kuchukua nafasi ya ile akaunti wanayofungia pesa, ila kama ufadhili uko chini ya hicho kiwango utaulizwa tofauti itatoka wapi. Kwa mpango wa kubadilishana kama Erasmus ada ya masomo ya huko hulipi, lakini ya hapa kwetu unaweza kuendelea kudaiwa, uliza idara ya fedha na upate jibu la maandishi.

Krediti: mzigo wa mwaka mzima huko ni 60, semesta moja 30. Hakikisha makubaliano ya masomo yamesainiwa na pande tatu kabla ya kupanda ndege, wewe, chuo cha hapa na chuo cha huko. Nimeona mwanafunzi akirudi na alama nzuri sana na kozi zikakataliwa moja baada ya nyingine kwa sababu hazikuwa kwenye karatasi. Alichelewa kuhitimu mwaka mzima na hakuwa na kosa lolote. Kozi ukibadilisha ukishafika, badilisha na karatasi wiki hiyohiyo.

ShikoNaVyeo
Na Kijerumani je? Usidanganywe kwamba kila kitu ni Kiingereza. Uzamili labda, digrii ya kwanza kozi nyingi za isimu ni Kijerumani. Anza kozi Goethe, ile taasisi ya Kijerumani, sasa, usingoje barua.

Mwaka_wa_Tatu
Niko A2 tayari. @NyarNyakach ile kozi ya nyanjani huwa semesta ya Oktoba ama ya Aprili? Na kuna kitu ungebeba ambacho hukubeba?

NyarNyakach
Kwetu ilikuwa Oktoba, lakini inabadilika, andikia idara kabla ya Agosti maana nafasi zinajaa. Kubeba: weka Praat kwa laptopu yako ukiwa hapa, ni programu ya kuchambua sauti, ni ya bure, imetengenezwa na Boersma na Weenink wa Amsterdam, ujizoeze kusoma spektogramu, yaani picha za sauti, kabla uende. Na rekodi sauti za nyumbani ukiwa bado uko huku, kwa faili za wav si zile za mp3, mahali hakuna kuku wala redio. Hadithi, bei za sokoni, mtu akieleza vile anapika. Mimi nilikuwa natumiwa voisi za WhatsApp na mjomba, zinabanwa sana, toni unazisikia lakini konsonanti za mwisho huzioni vizuri kwa picha. Unga wa ugali usibebe, maduka ya Waafrika utayapata, na sukuma utaikuta sokoni majira ya baridi, majani yamejikunja kidogo lakini ukiikatakata nyembamba inaenda.

WaKabete
Lugha yako ni gani lakini? Hujasema.

Mwaka_wa_Tatu
Mama Mkuria, baba Mluhya wa Bunyore, tumekulia Kayole tukiongea Kiswahili na Sheng. Ndiyo maana nauliza.

Zito_Rongai
Basi wewe utatusaidia. Huna ya nyanya moja, unazo mbili na huongei hata moja.

ishara_nairobi
Na Sheng asiihesabu? Chege Githiora ameitafiti Sheng akiwa SOAS. Kayole ni maktaba nzima.

Mwl_Kahawa
Kikuria kina toni ngumu kwelikweli, kwenye vitenzi toni ya juu inawekwa kwa kuhesabu mora, yaani vipimo vya urefu wa silabi, kutoka mwanzo wa shina, ya kwanza, ya pili, ya tatu, hata ya nne, kulingana na njeo. Wanafonolojia wanagombana nayo mpaka leo. Mpigie mamako simu leo jioni, muulize vitenzi kumi, njoo navyo ofisini Alhamisi.